Mapenzi bila daftari

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na wapo walioniuliza kama nimehama Unguja. Sijahama. Nilikuwa nimenuna tu. Nimenunishwa na daftari la shilingi elfu mbili, na leo nataka niwaeleze, maana nahisi si langu peke yangu. Wengi wenu mnakaribia kulikuta au mmeshalikimbia.

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu ni uandishi, na mshahara wa uandishi mnaujua wenyewe. Kwa hiyo ninayo kamera. Napiga picha na video za harusi, na nina kichumba nilichokodi Mkunazini cha kutengenezea kazi zangu. Mchumba wangu ni fundi wa nguo, ana cherehani mbili upande wa Mchangani. Anashona madira, magauni ya maharusi na sare za shule.

Wote wawili tunahangaika, lakini hatuhangaiki kwa wakati mmoja. Ramadhani hakuna harusi, mimi nakaa kama taa iliyowashwa mchana, wakati yeye halali kwa nguo za Sikukuu. Sikukuu ikipita, harusi zinafululiza, mimi naanza kupumua. Skuli zikikaribia kufunguliwa yeye ana sare, mimi sina kitu. Masika ikiingia na wageni wakapungua mjini, pesa inakauka kwa kila mtu, na hapo tunatazamana tu.

Basi tukapiga hesabu. Kwa nini tulipe kodi mbili? Tukodi mlango mmoja mkubwa karibu na Darajani, mbele cherehani, nyuma studio. Bibi harusi akija kupimwa gauni anaona picha ukutani. Bwana harusi akija kuulizia video anaona magauni. Wazo zuri, kila tuliyemwambia alilisifu. Shida ilikuwa mtaji. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, halafu kuna rangi, kioo cha mbele, meza ya kukatia na taa. Yeye akasema atauza bangili alizoachiwa na bibi yake. Mimi nikasema nitachukua mkopo kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa.

Tulikuwa tumekaa Forodhani, jioni, tunakula mishikaki. Nikaona mambo yamekwisha. Hapo ndipo aliposema, "Sawa, lakini kabla sijakwenda kwa sonara, tuandikishane."

"Tuandikishane nini?"

"Nani katoa nini, na kama tukiachana, au mmoja wetu akifa, nani anachukua nini."

Jamani, nilihisi kama nimemwagiwa maji ya barafu. Nikamuuliza, "Kwani mimi na wewe wachumba au wafanyabiashara?"

Akanijibu bila hata kuuacha mshikaki wake, "Vyote viwili."

Nikanuna wiki mbili.

Nilikokwenda kushitaki

Mwanamme wa mjini akinuna huenda wapi? Nikaenda Jaws Corner, nikaagiza kahawa, nikaieleza kesi yangu kwa wazee na vijana waliokuwa wakicheza bao. Nilipata nilichokifuata. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema mwanamke anayetaka karatasi kabla ya nikahi huyo ameshaiona talaka. Mwengine akasema haya mambo tumeyaiga kwa Wazungu. Kijana wa makamo yangu akaniambia nishukuru Mungu nimejua mapema. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Mama yangu alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza swali moja tu, "Mwanangu, unamkumbuka mama wa barafu?"

Namkumbuka vizuri. Alikuwa jirani yetu, akiuza barafu za malai na juisi. Mumewe alikuwa muuza samaki. Mtaa mzima ulijua kisa chao: yule baba alikuwa akija kununua barafu ya kuwekea samaki wake kila alfajiri, mpaka watu wakaanza kusema hizi barafu zimezidi samaki. Wakaoana, wakaunganisha biashara, wakawa na mafriza mawili ukumbini. Sisi watoto tulikuwa tukipenda kwenda pale kwa sababu palikuwa na kicheko. Ukiniuliza utotoni mapenzi ni nini, ningekuonesha nyumba ile.

Halafu ukaja ule msimu wa kiza. Wenye umri wangu hamjausahau. Kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu, kisiwa kizima cha Unguja hakikuwa na umeme wa gridi baada ya njia inayotuletea umeme kutoka Bara kuharibika. Na ilikuwa si mara ya kwanza, kwani Mei 2008 tulikaa kiza karibu mwezi mzima. Friza likizimwa siku tatu, huna malai, huna juisi na huna samaki. Yule mama akavua vikuku vyake na mkufu wa mahari, akaenda kuviuza, wakanunua jenereta.

Jenereta lile liliwaokoa. Mji mzima ulikuwa ukitafuta barafu. Kiza kilipokwisha walikuwa na akiba, wakanunua kirikuu ya kubebea samaki. Leseni ya biashara ilikuwa kwa jina la mume. Gari kwa jina la mume. Mkufu haukuwa na jina la mtu, ulikuwa umeshayeyushwa.

Miaka michache baadaye ndoa ikavunjika. Sababu haituhusu. Yule mama alitoka na nguo zake na vyombo vya jikoni. Alipodai chake aliulizwa ushahidi, na ushahidi hakuwa nao. Mumewe alisema neno ambalo mama yangu analikumbuka mpaka leo: "Alinipa mwenyewe. Na mimi miaka yote nilimlisha na kumvisha."

Sasa sikilizeni, wadau. Mama yangu hasemi yule baba alikuwa mwizi, na mimi sisemi hivyo. Hapa ndipo penye hoja yangu nzima. Yule baba aliamini kwa moyo wake wote kwamba alipewa zawadi na mkewe. Yule mama aliamini kwa moyo wake wote kwamba ameweka mtaji. Hakuna aliyesema uongo. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa kalamu siku ile jenereta liliponunuliwa.

Pesa ya mapenzi ina majina matatu

Tangu usiku ule nimekuwa nikilifikiria jambo hili, na naona kila shilingi inayotoka kwa mpenzi mmoja kwenda kwenye biashara ya mwenzake ina jina moja kati ya matatu. Ama ni zawadi, ama ni mkopo, ama ni ushirika.

Zawadi ikishatolewa imekwenda, hudai. Mkopo unarudi kama ulivyo, biashara ipate ipotee. Ushirika ndio mgumu zaidi: faida ni yetu na hasara ni yetu, na siku tukigawana kila mtu anachukua kwa kadiri ya alichoweka au tulivyokubaliana.

Kwenye mapenzi hatuyataji majina haya. Tunaona aibu. Anayetoa anasema tu, "Chukua mume wangu, utanikumbuka." Anayepokea anasema, "Mungu akuweke, mke wangu." Maneno matamu kabisa, lakini umetoa nini hapo? Mtoaji kichwani mwake ameandika ushirika, mpokeaji ameandika zawadi. Wanaishi miaka kumi na hesabu mbili tofauti chini ya paa moja bila kujua. Wanakuja kujua siku ya ugomvi, na siku ya ugomvi si siku ya kufanya hesabu.

Na msidhani ni wanawake tu wanaoumia. Namjua kaka mmoja alioa kwenye nyumba ya urithi, moja ya hizi nyumba zetu za zamani ambazo warithi ni thelathini. Mkewe akamwambia chumba cha chini kipo tu, fungua duka. Akaweka sakafu, milango, umeme, kila kitu kwa jasho lake. Mke alipofariki, Mungu amrehemu, matanga hayakuwa hata yamesahaulika, mashemeji wakataka chumba chao. Alitoka na mashelfu. Kwa nani ataanza kudai saruji?

Wala si mambo ya mjini peke yake. Nendeni pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwaka 1989, na waliokishika ni wanawake. Kwa mara ya kwanza wanawake wengi wa shamba walikuwa na pesa yao mkononi. Pesa ile, ndogo kwa kilo, ilisomesha watoto, ikanunua vitanda, ikajenga nyumba. Swali ni lile lile. Bati limenunuliwa na mwani wa mke, kiwanja ni cha ukoo wa mume. Kuna aliyeandika mahali?

Kisa cha mtoto wa mfalme

Mtu akiniambia mapenzi ya kweli hayahitaji hesabu, namkumbusha mapenzi yanayosimuliwa kuliko yote hapa Mji Mkongwe, ambayo waongoza watalii huyasimulia kila siku. Nazungumzia mapenzi ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete.

Kila mtu anakijua kipande cha kwanza. Walikuwa majirani, nyumba zimekaribiana kama zilivyo nyumba zetu, wakapendana, akashika mimba, na mwezi Agosti 1866 akatoroshwa kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, hadi Aden. Huko akabatizwa na kufunga ndoa siku moja, tarehe 30 Mei 1867, wakaenda kuishi Hamburg. Jina lake likawa Emily Ruete.

Kipande cha pili hakisimuliwi sana, nacho ndicho kinachonihusu leo. Salme hakuwa mtu wa kulishwa. Baba yake alipofariki mwaka 1856, yeye binti wa miaka kumi na mbili, alipewa fungu lake la urithi kwa jina lake, likiwamo shamba. Mama yake alipofariki miaka mitatu baadaye akaongezewa mashamba mengine. Kwa sheria za kwetu mali ya mwanamke ni yake, aolewe asiolewe. Na huyu ni yule yule binti aliyejifundisha kuandika kwa siri wakati wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu. Kalamu alikuwa nayo, na mali alikuwa nayo.

Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu kule Hamburg. Mjane kijana, na watoto watatu wadogo. Mamlaka za huko zikayakataa madai yake ya urithi. Mwaka 1885 akarudi Unguja akiwa na wanawe na manowari za Kijerumani, akitaka fungu lake kwa kaka yake, Sayyid Barghash. Hakusikilizwa. Akaja tena 1888, hakupata. Mtoto wa mfalme mwenye mashamba akaishia kufundisha Kiarabu ili aishi, na akaandika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886. Alifariki mwaka 1924 huko Ujerumani.

Sisemi alikosea kupenda. Mimi nani hata niseme hivyo? Nasema mapenzi yale yalikuwa ya kweli, hakuna mwenye shaka, na bado ukweli wake haukumlinda hata siku moja mbele ya mtu wa serikali mwenye makaratasi. Wanaokuja kuihesabu mali yenu mkishaachana au mkishakufa hawakuwapo wakati mnapendana.

Sheria inasema nini?

Nikafanya kazi yangu ya uandishi, nikauliza na kusoma. Naomba wanasheria waliomo humu wanisahihishe.

Kwanza, ndugu zetu wa Bara wana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nayo huku kwetu haitumiki. Kifungu chake cha 114 kinairuhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Hukumu hiyo inasifiwa mpaka leo, na inastahili. Lakini wanaoisifu hawasemi kilichompata Bi Hawa mwenyewe: aliondoka bila fungu, kwa sababu mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kuanzisha biashara ya familia alizifuja. Umeona? Hata huko, mwisho wa kesi hesabu ya biashara ndiyo iliyoamua.

Huku Zanzibar mambo ya ndoa ya Waislamu yako kwa kadhi. Sheria mpya ya Mahakama za Kadhi, Namba 9 ya mwaka 2017, imempa kadhi uwezo wa kusikiliza madai ya kugawana mali ya wanandoa pale ambapo pana mchango wa kweli wa wahusika. Mama wa barafu aliachwa kabla ya hapo. Ni hatua kubwa, na wanaharakati wa wanawake wameipigania miaka.

Lakini yasome tena maneno hayo. Mchango wa kweli. Utauthibitisha kwa nini? Kwa machozi? Kwa jirani aliyeona ukivua vikuku? Sheria imefungua mlango, ila ufunguo wake ni karatasi, na karatasi ndiyo ambayo wapenzi wa Unguja hatuna.

"Mambo ya Wazungu"

Sasa nirudi kwa wazee wangu wa Jaws Corner, kwa heshima zote.

Mmesema kuandikishana ni kuiga Wazungu. Wazee wangu, Waislamu wenzetu wa Malaysia wana neno kabisa la mali waliyochuma pamoja mume na mke, wanaiita harta sepencarian, na mahakama zao za sharia zinaigawa. Morocco, kwenye sheria yao ya familia ya mwaka 2004, kifungu cha 49, mali ya mume ni ya mume na ya mke ni ya mke, kama kwetu, lakini wanaruhusiwa kuandika mkataba mbali na ule wa nikahi, waelewane jinsi ya kuisimamia mali watakayochuma ndani ya ndoa. Nchi hizi si za Wazungu.

Na kwa nini twende mbali? Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu nini? Inahusu kuandika deni. Inawaambia walioamini waandike, na wasichoke kuandika, likiwa dogo au kubwa. Kilichosamehewa ni biashara ya mkono kwa mkono, nipe nikupe. Basi niulizeni: biashara ya mke na mume ni ya mkono kwa mkono? Hii ni biashara ya miaka ishirini! Na walioambiwa waandike ni walioamini. Kwa hiyo lile neno kwamba anayeandika hana imani tulitoe midomoni.

Halafu kuna Bi Khadija (RA). Sote tulifundishwa madrasa, lakini tulifundishwa haraka haraka. Alikuwa tajiri wa biashara pale Makka. Alimwajiri Mtume (SAW), kabla ya utume, apeleke bidhaa zake Sham. Alirudi na faida, hesabu imetimia, na Maysara aliyesafiri naye akahadithia uaminifu aliouona njiani. Ni baada ya hapo ndipo Bi Khadija alipopeleka neno la posa. Ndoa bora tunayoihadithia watoto wetu ilianza na makubaliano ya biashara yaliyotimizwa. Hesabu haikuyaua mapenzi yale. Hesabu ndiyo iliyomjulisha mtu wake.

Nakubali kuna hoja moja ya wazee yenye uzito. Walisema mkianza kuandika kila kitu mtafika kuandika sukari na chumvi, na nyumba itakuwa ofisi. Kweli. Kuna mambo lazima yabaki zawadi, la sivyo tunaoana kwa nini? Mume anayemlisha mkewe halafu akaandika bei ya mchele huyo ana lake jambo. Nyumba ina haki zake na duka lina hesabu zake, na mpaka kati yao ndio wa kuukubali mapema.

Tulichoandika

Baada ya wiki mbili nilikwenda Mchangani. Nilimkuta anatia vifungo, hakuinua uso. Nikamwekea daftari juu ya meza ya kukatia. Akalitazama, akasema, "Karibu kiti, kaka wa kamera."

Tuliandika usiku huo, mbele ya kaka yake na mjomba wangu kama mashahidi. Si mkataba wa wanasheria, ni ukurasa mmoja na nusu. Nawapa muhtasari, huenda ukamfaa mtu.

Bangili: zilipimwa kwa sonara, uzito na bei ya siku ile vimeandikwa, ni mtaji wake wa ushirika, si zawadi. Mkopo wangu: ni mtaji wangu, na marejesho yatatoka kwanza kwenye mapato ya studio. Cherehani zake mbili na kamera yangu zinabaki mali ya mwenyewe hata zikikaa mlango mmoja. Kila kitakachonunuliwa na faida ya duka ni cha wote wawili, na risiti inabandikwa kwenye daftari. Mkataba wa mlango utakuwa na majina mawili. Kila mwisho wa mwezi tunakaa tunafunga hesabu. Mahari haimo kabisa humo, mahari ni yake na siiulizi. Na chakula cha nyumbani ni juu yangu, hakiandikwi.

Mstari wa mwisho ulikuwa mgumu. Tukiachana, vitu vya pamoja vitathaminiwa na watu wawili, mmoja wa kila upande, na kila mtu atachukua kwa kadiri ya mtaji wake. Mmoja akifa, mwenzake ataonesha daftari kwa warithi kabla ya kugawa urithi, ili fungu la aliye hai lisiingizwe kwenye mali ya maiti. Mkono ulinitetemeka kuandika neno "tukiachana." Lakini nilipomaliza nikajihisi mwepesi, kama mtu aliyelipa deni. Wiki mbili nilidhani ananishuku. Kumbe alikuwa ananipa nafasi ya kuaminiwa kwa kitu ambacho hata mtu baki akikisoma ataelewa.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeitumia methali hiyo kwenye maduka na vyama vya ushirika, tumeogopa kuiingiza ndani ya nyumba. Na Zanzibar ya leo, maelfu ya nyumba ni biashara mbili ndogo zilizooana: muuza viungo na mpika mikate ya kumimina, fundi simu na msusi, muuza samaki na muuza barafu. Mwaka 2020 wageni walipokatika kwa korona, wangapi waliuza dhahabu kuokoa duka la mwenzao? Hao wote wana hesabu mbili vichwani sasa hivi.

Nimalizie na kitu alichonionesha usiku ule. Tulijuana mwaka huo huo wa 2020, wakati harusi zimesimama na yeye anashona barakoa za vitenge. Nilikwenda kununua, sikuwa na chenji, nikachukua kwa mkopo. Lile daftari lake la zamani analo mpaka leo. Ukurasa wa katikati umeandikwa kwa kalamu nyekundu: *kaka wa kamera, barakoa 2, shilingi 2,000.* Hapana alama ya kulipwa.

Nikamwambia, "Wallahi nilikulipa."

Akasema, "Umeandika wapi?"

Nimelipa, wadau. Mara hii ameandika.

Nyie mnaonaje? Mlio kwenye ndoa na biashara pamoja, mliandika au mlinyamaza? Na nyie wachumba, mtathubutu? Karibuni tujadili, ila tusitajane majina. Mji wenyewe mdogo huu.